Mguu Umepona, Lakini Chumbani Kimya

Semina ilikuwa imekwisha, na akina mama walikuwa wakikusanya masufuria na kukunja mikeka. Mama mmoja, mwimbaji wa kwaya mwenye umri wa miaka 30 na kidogo, alibaki kwenye benchi akishughulika na kanga ya mtoto wake ambayo tayari ilikuwa imefungwa vizuri. Tulipomsogelea kumuaga, alitazama chini, akauliza kwa sauti ndogo:

"Dada zangu, samahani. Eti mtu akiwekewa chuma ndani ya paja, kile chuma kinaweza kumwondolea uanaume wake?"

Hatukucheka. Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekwenda pale kuzungumzia malezi ya vijana na matumizi ya fedha nyumbani, na swali kama hilo hatukulitarajia. Tukaketi naye, akatusimulia.

Mumewe alikuwa amepanda bodaboda iliyogongana na gari dogo. Fupa la paja la kulia lilivunjika. Alilazwa, akapasuliwa, akawekewa chuma, na siku tulipozungumza na mama huyu ulikuwa umetimia mwezi wa nne. Mguu ulikuwa unaendelea vizuri. Baba alikwisha kuacha gongo moja na kubaki na moja. Majirani walimshukuru Mungu pamoja nao. Lakini tangu arudi kutoka hospitali hakuwa amekutana na mkewe kimwili hata mara moja. Usiku alibaki nje na redio hadi mama alale, kisha akaingia na kugeukia ukutani. Mama alipomgusa, alisema, "Mguu, mama watoto, mguu." Lakini mchana mguu huohuo ulimpeleka sokoni na kumrudisha.

Mama huyu alifikiri kile ambacho wengi wetu tungefikiri. Wodini kulikuwa na dada mmoja aliyekuwa akimletea mumewe uji siku ambazo yeye hakuweza kufika. Kwa upande wake, mama mkwe alikuwa na fikra nyingine, kwamba ile ajali haikuwa ya bure na kuna mtu amemfunga mwanawe. Na baba mwenyewe, bila kumwambia mtu, alikuwa amekwisha kununua mizizi stendi ya mabasi mara mbili. Mama aliikuta ndani ya soksi.

"Nguo zangu ziko kwenye begi chini ya kitanda," alituambia. "Nangoja shule zifungwe niende kwa mama yangu."

Swali lake tulilipeleka kwa daktari wa mifupa, na pia kwa muuguzi aliyehudumu katika wodi ya mifupa kwa zaidi ya miaka 20. Tuliyoyapata tunayaeleza hapa bila kificho kikubwa, kwa kuwa tunaamini mama huyu si peke yake.

Kinachotokea mezani

Jambo la kwanza alilotuambia daktari ni hili: chuma chenyewe hakina hatia. Kinakaa ndani ya mfupa wa paja, mbali na viungo vya uzazi, na hakigusi mshipa wowote unaohusika na nguvu za kiume. Kwa hiyo kukitoa kabla ya wakati wake hakutamrudishia mtu kitu, ila kunaweza kumrudishia mvunjiko.

Lakini upo wakati ambapo tatizo huanzia kweli katika chumba cha upasuaji. Mfupa wa paja ukivunjika, misuli mikubwa ya paja huvuta vipande vikapandana, na mguu ukawa mfupi. Ili daktari apitishe chuma, lazima vipande hivyo vivutwe vikae sawa. Katika hospitali nyingi hutumika meza maalumu. Mgonjwa hulazwa, mguu wake hufungwa kwenye kitu kama kiatu, na kiatu hicho huvutwa taratibu kwa skrubu. Sasa, ukimvuta mtu mguu, mwili wote utafuata, kama vile jembe linavyofuata mpini. Hivyo huwekwa nguzo katikati ya mapaja, ikaegemea msamba, yaani ile sehemu kati ya viungo vya uzazi na njia ya haja kubwa. Nguzo hiyo ndiyo inayouzuia mwili usiteleze.

Hapo msambani, ukikaribia mfupa, hupita mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye uume, korodani na ngozi inayozizunguka. Nguzo ikiukandamiza kwa muda mrefu, au mguu ukivutwa kwa nguvu nyingi, mshipa huo huchoka. Mgonjwa akiamka anajikuta na ganzi. Wengine huishia kwenye ganzi tu. Wengine, uume hausimami, au husimama kidogo na kulegea.

"Mwulize mume wenu kama aliwahi kuendesha baiskeli safari ndefu," daktari alitutania, kana kwamba sote tulikuwa na mume mmoja. "Akishuka pale, sehemu hizo zinakuwa zimekufa ganzi. Ni mshipa uleule. Tofauti ni kwamba mwenye baiskeli atashuka apumzike, ila aliye usingizini mezani hawezi kusema anaumia."

Madaktari wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliandika juu ya wagonjwa zaidi ya 100 waliowekewa vyuma vya paja kwa njia hiyo. Karibu mmoja katika kila kumi alikuwa ameumia mshipa huo, na waliovutwa kwa nguvu zaidi ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Mwaka 2005 madaktari wa Ufaransa walipowachunguza vijana wa kiume waliokwisha kuwekewa vyuma vya aina hiyo, walikuta tatizo la uume kutosimama limeenea kuliko ilivyodhaniwa. Ndiyo maana siku hizi mafunzo yanasisitiza kwamba nguzo iwe nene na ifungwe sifongo vizuri, na mguu ulegezwe mara tu mfupa unapokuwa umekaa. Na wanawake nao hupata ganzi hiyo. Wao husema mara chache zaidi kuliko wanaume, jambo ambalo halikutushangaza.

Habari njema ni kwamba mshipa uliokandamizwa si sawa na mshipa uliokatwa. Kwa wengi, hisia hurudi zenyewe baada ya wiki au miezi kadhaa. Hurudi polepole, mara nyingi kwa mwasho au mchonyoto, na mgonjwa asipoelezwa anaweza kuogopa mwasho huo kuliko alivyoiogopa ganzi.

Si kila mtu alifungwa kwenye meza hiyo

Hapa daktari alitutahadharisha tusirudi kwa yule mama na jibu moja. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki meza hiyo haitumiki kabisa. Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN la mji wa Richland huko Marekani, lililoanzishwa na daktari wa mifupa Lewis Zirkle, limekuwa likitoa vyuma vilivyobuniwa kwa ajili ya hospitali zisizokuwa na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ni miongoni mwa zinazovitumia. Vyuma hivyo vinaweza kuwekwa bila meza ya kuvutia, msaidizi akiuvuta mguu kwa mikono. Hakuna nguzo, na kwa hiyo msamba haukandamizwi. Hata hivyo mume anaweza kurudi nyumbani akiwa na tatizo lilelile.

Basi linatoka wapi? Muuguzi ndiye aliyetujibu, na alijibu kwa kuhesabu vidole.

Kwanza damu. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kupoteza lita moja na zaidi ndani ya paja lake, pasipo tone kuonekana nje. Mwenye upungufu wa damu hupanda ngazi akihema. Tusitegemee awe na nguvu kitandani. Halafu maumivu, na dawa za maumivu. Dawa kali kama mofini na tramadol, zikitumiwa kwa muda mrefu, hupunguza hamu. Amitriptyline, ambayo wengine hupewa usiku kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, nayo inaweza kuzuia uume usisimame. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu vilevile. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake. Amwambie daktari, mara nyingi ipo nyingine ya kubadilisha. Tena kuna wanaume ambao ajali ndiyo iliyowapeleka hospitali kwa mara ya kwanza katika maisha yao, na hapo ndipo kisukari kinapogunduliwa. Tatizo la chumbani lilikuwapo kabla ya mguu kuvunjika, ila sasa limepata jina la kulibeba.

Na kuna sindano ya mgongo. Wanaume wengi hulaumu hiyo. Ganzi yake huisha baada ya saa chache, na ni nadra sana kuacha madhara ya kudumu. Lakini mtu aliyeishuhudia nusu ya mwili wake ikifa ganzi mbele ya macho yake hasahau upesi.

Kidole cha mwisho muuguzi alikishika muda mrefu. "Ninyi mnauliza mishipa," alisema. "Mimi nawaambia mwanaume aliyeoshwa na mkewe, akapelekewa chombo cha haja na mkewe, akavalishwa suruali na mkewe kwa miezi 3, hawezi kuamka asubuhi moja akawa bwana arusi. Amejiona mtoto. Na mke naye amekuwa mama yake. Nani atamwanza mwenzake?"

Tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo.

Ongezeni na woga. Wapo wanaoogopa chuma kitapinda, au kidonda kitafumuka. Wapo walioshindwa mara moja wiki ya nne, wakati mwili ulikuwa bado mgonjwa, na tangu siku hiyo wanaogopa kushindwa tena. Na mwenye kibarua ambaye hajaleta mshahara tangu ajali, akiwaza ada ya shule usiku, hana mwili wa kufanyia jambo lolote.

Maswali ya kumsaidia

Je, mke atajuaje lipi ni lipi? Si kazi yake kutibu. Lakini kuna mambo ambayo daktari atayauliza, na ni vizuri mume awe ameyafikiria kabla, kwa maana mbele ya daktari kijana wa kike na wanafunzi wake watatu wanaume wengi hujibu "sijambo" kwa kila swali.

La muhimu ni ganzi. Anapooga, je, anaihisi sabuni upande wote? Je, ganzi ilianza tangu alipoamka baada ya upasuaji, na je, inapungua au iko palepale? Lingine ni asubuhi. Mwanaume mwenye afya husimama usingizini au anapoamka, bila kutaka. Hilo likiendelea kutokea, ni dalili nzuri kwamba damu na mishipa vinafanya kazi, na pengine kinachozuia ni woga, mawazo au uchovu. Lisipotokea kabisa kwa wiki nyingi, uchunguzi zaidi unahitajika. Hapo mke anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko mume.

Aliyevunjika nyonga yenyewe, mifupa ile inayozunguka kibofu, habari yake ni nzito zaidi. Mifupa hiyo ikivunjika inaweza kukata njia ya mkojo, mishipa ya damu na ya fahamu kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo asingoje mwaka akitumaini. Amwone daktari wa njia ya mkojo mapema. Nako tiba ipo.

Na ziko dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: kushindwa kukojoa, ganzi inayoenea matako yote mawili, haja kubwa kutoka yenyewe, vilevile mguu kuvimba ghafla na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata. Hizo si habari za unyumba tena, ni habari za uhai.

Kuhusu mizizi ya ndani ya soksi, daktari hakutaka kuwadharau wazee wetu, lakini alikuwa mkali. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi vidonge na unga unaoitwa wa asili ukiwa umechanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ya hospitali iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Dawa hiyo ni nzuri ikitolewa na daktari, na kwa wagonjwa kama hawa wakati mwingine huitoa. Lakini ikikutana na dawa za moyo za jamii ya nitrati inaweza kushusha shinikizo la damu hadi mtu akafa. Muuzaji wa stendi hakuulizi unatumia dawa gani nyingine.

Kuanza tena

Hapa tunajua baadhi ya wasomaji wetu watafunika ukurasa watoto wasione. Funikeni, lakini someni.

Hakuna tarehe moja kwa wote. Mfupa wa paja kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6 kuunga, lakini wenye ndoa hawalazimiki kungoja miezi yote hiyo. Kidonda kikiwa kimefunga, maumivu yakiwa madogo na daktari amekubali, inatosha. Mumeo alale chali, mto ukiwa chini ya mguu uliopasuliwa, na wewe usiegemee paja hilo. Au mlale ubavu, mguu mgonjwa ukiwa juu na mto katikati. Kwa utulivu wa namna hiyo, alisema daktari, chuma hakipindi. Kama maumivu yanamsumbua, anywe dawa yake ya kawaida nusu saa hivi kabla.

Aliyewekewa nyonga ya bandia yeye ana sheria zake. Aghalabu husubiri wiki 6 au zaidi, na katika miezi ya mwanzo huambiwa asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipandanishe miguu, wala asiizungushe kuelekea ndani. Nyonga hiyo ikichomoka ni maumivu makali na kurudi hospitali. Kwake, kulala chali ndiyo salama zaidi, na daktari wake ndiye atakayemwambia aache lini tahadhari hizo.

Usiku wa kwanza usiwe wa mtihani, muuguzi alituasa. Akina mama, mnaweza kulala mmeshikana tu, mkazungumza. Jambo moja alilolikazia sana: kwa siku chache kabla, mwache aoge mwenyewe na avae mwenyewe, hata kama atachukua saa nzima. Mhitaji wa kuoshwa akiwapo, aoshwe na kaka yake.

Tulivyorudi kwa yule mama

Tulimwandikia haya yote, na kisha tukampigia simu. Alisema hawezi kumwambia mumewe neno "ganzi". Ataonekana ametoa siri za ndani nje. Tukamshauri aanze na baiskeli.

Ikawa jioni moja, baba akiwa nje na redio yake, mama akaleta kigoda akakaa karibu. Akamwuliza kama anakumbuka zamani alipokuwa akiendesha baiskeli kutoka kijijini kwao kuja kumposa, kilomita nyingi za vumbi, na namna alivyokuwa akishuka akitembea kama bata. Baba akacheka. Kisha akanyamaza. Halafu akasema, "Sasa niko hivyo tangu hospitali. Nilidhani wamenikata kitu."

Miezi 4 alikuwa ameibeba peke yake. Wodini hakuna aliyemwuliza, na kliniki zote mbili alizohudhuria walitazama picha ya mfupa, wakamwambia unaunga vizuri, wakamwita anayefuata. Hatuwalaumu sana, foleni tumeiona. Lakini swali la nusu dakika lingewaokoa watu wawili.

Walikwenda kliniki pamoja. Mama ndiye aliyeanza kusema, baba akamalizia. Daktari alimpima kwa pamba na sindano, akasoma faili, akakuta kweli meza ile ilitumika na upasuaji ulichukua muda mrefu. Alimpima pia damu na sukari: sukari ilikuwa safi, damu ilikuwa chini, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Jambo hilo lilimchekesha sana baba: chuma ndani ya paja, na chuma kingine mdomoni. Akaambiwa asipande baiskeli kwa miezi kadhaa, na arudi baada ya wiki 8.

Barua ya mama ilitufikia mwezi wa 8 tangu ajali. Ganzi imebaki sehemu ndogo, ameandika, kama sarafu ya shilingi 100. Si kila mara mambo yanakwenda sawa. Kuna usiku yanakwama, nao huamka wakachemsha chai. Mama mkwe bado anaamini mwanawe alifungwa na kwamba maombi yake ndiyo yaliyomfungua, nao wameona hakuna haja ya kubishana naye. Mizizi ilitupwa. Dada wa uji, kumbe, alikuwa akiwaletea wagonjwa wote wa wodi ile. Ni wa kikundi cha akina mama cha usharika wa jirani. Begi lipo juu ya kabati, limewekwa sare za kwaya.